Kola Ndefu za Mama Ayiko

Kola ya kwanza niliishona ili nifiche uvimbe. Ya pili niliishona kwa sababu mteja mmoja aliipenda ya kwanza. Krismasi ilipofika, nusu ya wanawake wa kanisa letu la Oli walikuwa wamefunga shingo mpaka kidevuni, kwenye joto la Arua, wakiamini huo ndio mtindo mpya kutoka Congo. Sikuwakatalia. Nilichukua vipimo, nikakata, nikashona, na kila nikimaliza moja niliona ya kwangu inazidi kupotea katikati ya zile nyingine.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Bunia, na baba yangu alikuwa mwalimu aliyetulazimisha kuandika Kiswahili kilichonyooka, hata kama mdomoni tulikivuruga tulivyotaka. Nilivuka mpaka kuingia Uganda nikiwa msichana, nikaolewa na Adriko, mtu wa Ayivu, ambaye sasa ni askari mstaafu. Mtoto wetu ni mmoja tu, Ayikoru, na jina hilo kwa Kilugbara lina furaha ndani yake. Naandika kwa ajili yako wewe uliyeshika bahasha ya majibu na bado hujamwambia mtu nyumbani. Mimi nilikaa na bahasha kama hiyo wiki sita, na ilikaribia kuniua.

Uvimbe ulianza mvua zilipokuwa zinaelekea ukingoni, chini ya sikio la kushoto, mdogo kama punje ya njugu, hauumi. Duka la dawa walinipa vidonge. Nikavimaliza, ukapungua, ukarudi na wenzake, wengine shingoni, wengine kwapani. Mtu mwingine angejitazama kwenye kioo, lakini mimi nilitumia utepe wa kupimia. Mwezi wa kumi shingo yangu ilikuwa inchi kumi na nne na nusu. Mwezi wa kumi na mbili ilikuwa kumi na sita. Kiuno nacho kilikuwa kinakwenda upande mwingine, nikawa kila Jumamosi napunguza gauni zangu mwenyewe. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho hata siku za baridi. Nimewapima watu kwa utepe ule miaka ishirini, na sikuweza kuubishia.

Adriko ndiye aliyenipeleka hospitali. Walikata kipande cha uvimbe, wakakipeleka Kampala, wakatuambia tusubiri. Ukitaka kujua kusubiri ni nini, kaa kwenye benchi la hospitali siku ya majibu. Wengine waliomba, wengine walichezea simu. Mimi nilikuwa natazama mishono ya watu. Mbele yangu alikaa mzee mmoja ambaye pindo la suruali yake lilikuwa limefumuka, na nusura nimwombe nesi sindano nimshonee. Ndipo wakaita jina langu.

Daktari alikuwa mtu wa Kasese, mwembamba, mwenye kuongea taratibu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani kama changu.

"Mama, iko saratani," alisema. "Inatoka kwa chembe za damu, zile tunaita B. Zinajaa kwa matezi. Wiki ijayo tunaanza dawa."

"Nywele itatoka?"

"Itatoka."

"Basi wiki ijayo haiwezekane," nikasema.

Akamtazama Adriko. Adriko akatazama dirisha.

Acha nieleze kwa nini. Ayikoru, ambaye anafundisha watoto wa chekechea, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Koboko anayeitwa Lemi, fundi wa umeme wa sola, nyumba yao iko kijiji cha Lurujo. Wanapendana, hilo halikuwa na shaka hata kwa mtu asiyetaka kuona. Lakini huku, kabla watu hawajatoa binti au kumchukua, nyumba moja huenda kuuliza habari za nyumba nyingine. Si matusi. Hata sisi tuliuliza habari zao. Watu huuliza kama kuna uchawi, kama kuna wanaowawekea wengine sumu, kama kuna kifafa, kama wanawake wa ukoo hufa mapema. Kwa upande wa Adriko kazi ilikuwa rahisi, maana makaburi ya babu zake yako Ayivu na majirani wa miaka yote wapo. Kwa upande wangu, aulizwe nani? Wetu walitawanyika na vita. Baba na mama wamekufa. Ukoo wangu wote upande huu wa mpaka ni mimi mwenyewe, na shahidi wa damu yangu ni mdomo wangu.

Na sasa damu yenyewe ndiyo iliyokuwa na ugonjwa. Niliona wazi kabisa mambo yatakavyokwenda. Watasema, huyu Mkongomani hatumjui, na kumbe damu yake inaoza, na binti amenyonya damu hiyo hiyo. Ayikoru wangu ataachwa kwa sababu yangu, na baada ya Lemi hakuna mwingine atakayebisha hodi. Shangazi yake Lemi, Mama Poni, ndiye aliyetumwa kuja kuuliza, na alisema atakuja akimaliza kuvuna mtama wake. Nikahesabu wiki. Nikaamua nitavaa kola mpaka aondoke, kisha nitatibiwa.

"Mama Ayiko, wewe nacheza na kifo," Adriko aliniambia tukiwa njiani kurudi. Kiswahili chake ni cha kambini mpaka leo. "Mimi nimeona watu nakufa kwa sababu ya aibu. Hapana kwa risasi. Kwa aibu."

"Ukimwambia Ayiko, sitakusamehe."

Hakumwambia. Alinitii, maskini, na kutii huko kulimla kuliko ugonjwa ulivyonila mimi. Aliacha kula mbele yangu. Alikuwa anatoka asubuhi kwenda shamba la mihogo Ayivu kwa baiskeli na kurudi jioni bila kuwa amepalilia chochote, magoti safi kabisa. Siku ya dawa ilipita, nikatuma ujumbe kwamba nina msiba. Siku ya pili waliyonipangia nayo ikapita. Shingo ikafika inchi kumi na saba na nusu, na nikaanza kulala nimekaa, kwa sababu nikilala chali hewa ilikuwa inapita kwa shida.

Mama Poni alikuja mwezi wa pili, vumbi na moshi wa nyasi vikiwa vimejaa angani. Ni mwanamke mfupi, mpana, anayetembea kama mtu anayepima kiwanja. Alikaa kwetu siku tatu. Siku ya kwanza alizunguka mtaa wetu wa Oli, akanunua chumvi hapa, sabuni pale, na kila aliponunua aliuliza habari zetu. Siku ya pili alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa kitenge kwenye mfuko.

"Fundi, shona mimi gauni. Na hii kola ya wamama wote navaa huku. Ndefu."

Nikachukua utepe. Nikampima kifua, kiuno, urefu. Nilipomzungukia kumpima shingo, nyuso zetu zilikuwa karibu kama za watu wanaosalimiana. Akaniuliza bila kusogea.

"Wewe natoka Bunia."

"Ndiyo, mama."

"Kule mimi hapana jua mutu. Nani nitauliza? Nitauliza wewe tu. Kwa nyumba ya mama yako, kwa nyumba ya baba yako, iko ugonjwa ya damu? Iko kitu watu naficha?"

Utepe ulikuwa shingoni mwake na vidole vyangu vilikuwa juu yake. Inchi kumi na tano. Nakumbuka namba hiyo kuliko siku yangu ya kuzaliwa.

"Kwetu haiko kitu, mama," nikasema. "Tuko wazima."

Akatikisa kichwa, akaridhika. Nikaandika kumi na tano kwenye daftari, nikajikuta siwezi kuvuta pumzi. Nilishika ukingo wa meza. Nikasema ni vumbi.

Gauni lile nililimaliza siku hiyo hiyo ili aondoke nalo. Alilivaa kesho yake, akapanda gari la Koboko shingo juu, na nikashukuru Mungu kwa uongo wangu, jambo ambalo sasa nikilikumbuka uso unaniwaka.

Ayikoru aliikuta kadi ya hospitali siku iliyofuata. Nilikuwa nimeificha kwenye kopo la chaki, mahali ambapo hakuna mtu anayegusa isipokuwa mimi. Alikuwa anatafuta chaki ya kuwachorea watoto wake wa shule. Alikuja nayo uani, ambapo nilikuwa napepeta maharage, akasimama mbele yangu na vumbi la chaki mikononi.

"Mama, hii ni nini?"

Niliendelea kupepeta.

"Hapa wameandika siku mbili za dawa. Mbili, mama! Zote zimepita. Baba anajua?"

"Anajua."

"Na mimi? Ulinificha juu ya nini?"

"Juu yako mwenyewe," nikamwambia. "Ili watu wa Lemi wasikukatae."

Nilitegemea alie. Hakulia. Alikaa chini kwenye udongo na sketi yake ya kazini, akanishika kola kwa vidole viwili, akafungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipoona, aliziba mdomo. Kisha akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Unataka nitoke hapa na harusi, nirudi kwa matanga? Hiyo ndiyo zawadi umeninunulia? Kesho tunaenda hospitali. Na kama huendi, mimi mwenyewe nampigia Lemi, namwambia aoe mtu mwingine."

Kesho yake tulikwenda, sisi watatu. Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aligusa shingo yangu, akaandika, akasema dawa itaanza siku hiyo hiyo. Ndipo nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba wiki zote sita. Ayikoru alikuwa pembeni yangu, na nilitaka alisikie jibu lolote litakalokuja.

"Damu hii nimemupa mutoto wangu?"

Akaweka kalamu chini. "Mama, unafanya kazi gani?"

"Fundi wa nguo."

"Basi sikia. Kila chembe ya mwili yako iko na kitambaa ile ile, ile ulizaliwa nayo. Lakini juu ya kitambaa iko alama. Alama inaambia chembe: hapa kata, hapa shona, hapa usiguse. Ni chaki. Kwa hizi chembe zako za B, chaki imewekwa ovyo ovyo. Pahali pa kuambiwa acha, alama imefutwa. Pahali pa kuambiwa nyamaza, imefutwa pia. Sasa zinazaana tu, hazijue kuacha."

"Nani aliweka chaki mubaya?"

"Miaka. Maradhi ya zamani. Bahati mubaya. Zile mikono ndani ya chembe zinashika chaki, zingine zimevunjika. Hatujue yote."

"Na mutoto?"

"Mutoto ulimupa kitambaa zamani. Hii chaki ilikuja nyuma, kwa damu yako wewe. Yeye haikumupata."

Nilitaka kumrukia nimkumbatie. Lakini mimi ni mtu wa kuvuta uzi mpaka mwisho wake, nikamwambia, "Apa, daktari."

"Siwezi kuapa," akasema. "Iko familia saratani za damu zinaonekana mara mbili, mara tatu, kidogo tu, na hatujue juu ya nini. Lakini haipite kwa mutoto kama sura inapita. Hiyo tu ndiyo naweza kusema bila kudanganya."

Nimekueleza haya kama nilivyoelezwa, na kama nimepotosha kitu, lawama ni za fundi. Ayikoru alimuuliza kama kuna dawa ya kufuta chaki mbaya tu na kuacha nguo. Akasema zipo zinazotengenezwa kwa kazi hiyo, nyingine hazijafika kwetu, na zangu mimi ni za kuchoma nguo mbovu zote. Basi tukaanza kuchoma.

Walisema mara sita, kila baada ya wiki tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kabla mvua hazijaanza. Dawa moja ni nyekundu kama sharubati, na mkojo wako siku hiyo utakuwa mwekundu pia. Mimi hakuna aliyenionya, nikapiga kelele chooni mpaka Adriko akavunja kitasa. Kwa hiyo nakuonya. Kuna vidonge vya siku tano ambavyo vilinifanya nile kama mjenzi na kugombana na kila mtu, hata na kuku. Mdomo unakuwa na ladha ya sarafu. Nyonya ndimu, au kipande cha muwa. Siku ya sindano vaa shati la mikono mipana, usiwape manesi kazi ya kukunja.

Kile kilichonishangaza ni shingo. Baada ya mara ya kwanza tu, utepe ulisoma inchi kumi na sita. Nikalala chali usiku mzima, na asubuhi Adriko alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akinitazama ninavyopumua. Siku hiyo alirudi kutoka Ayivu magoti yamejaa udongo.

Nywele zilitoka mvua ya kwanza ilipopiga. Zilibaki kwenye kitana, kwenye mto, kwenye cherehani. Nikafunga kilemba juu ya kola ndefu, nikabaki uso tu, na mzee mmoja wa wodini, yule yule wa suruali iliyofumuka, akanicheka. Alikuwa anaugua kama mimi na alikuwa analetewa mihogo ya kuchoma kutoka Ayivu, akitumegea benchi zima.

"Mama fundi, wewe nafunga kama kifurushi ya posta," alisema. "Wapi nakwenda? Hapa sisi wote najua iko nini ndani."

Siku hiyo nilivua kilemba wodini. Mara ya tatu ya dawa nilikuja na sindano na uzi nikamshonea pindo. Ilinichukua muda wote wa dripu, maana vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi, sindano naishika bila kuisikia. Kwa fundi hilo lilinitisha kuliko upara. Alivaa suruali ile mpaka mara yake ya tano, na mara ya sita hakuja. Hatukuambiwa, na hakuna aliyeuliza. Tuliona nafasi yake kwenye benchi, tukajua.

Baada ya mara ya tatu nilimwambia Adriko tunakwenda Lurujo. Yeye alitaka tungoje nimalize. Ayikoru alitaka aseme yeye. Lakini uongo niliusema mimi, kwa mdomo ule waliouchukua kuwa shahidi, na kama nikifa katikati ya dawa watabaki nao. Tulikwenda siku ya Jumamosi, njugu zikiwa zimetoa maua mashambani njia nzima. Nilitapika mara mbili, mara ya pili tukiwa tumeshaingia Koboko, mbele ya watu waliotoka sokoni.

Watu wa Lemi walitupokea vizuri, na hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi. Walitupa viti, wakatupa maji. Baba yake Lemi alikuwepo, na kaka zake wawili, na Lemi mwenyewe amesimama karibu na mlango, na Mama Poni amevaa gauni nililomshonea, kola imefungwa vifungo vyote. Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni.

Sikungoja chakula. Nilisimama, nikafungua kilemba, nikafungua kola, nikaonyesha kovu walipokata na uvimbe uliobaki. Nikawaambia ni saratani ya damu, na kwamba nilijua tangu kabla Mama Poni hajaja kwetu. Nikatoa kipande cha kitambaa cheusi na chaki, nikachora, nikafuta, nikawaeleza kama daktari alivyonieleza, nikiwaonyesha kwamba chaki inafutika na kitambaa kiko vile vile. Kwa ganzi ya vidole, mistari ilipinda.

Baba yake Lemi alikishika kitambaa, akakigeuza upande wa pili. "Na huyu binti? Yeye iko na chaki mubaya?"

"Daktari anasema haimupite namna hiyo."

"Wewe naweza kuapa?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa. Ayikoru alikuwa ananitazama. Neno moja tu lilitakiwa, na nilikuwa nimeshadanganya mara moja kwa urahisi mkubwa.

"Siwezi kuapa, mzee," nikasema. "Daktari mwenyewe hakuapa. Nimesema yote ninayojua."

Mzee akakiweka kitambaa gotini. Kisha Mama Poni akazungumza, na sauti yake haikuwa kubwa.

"Ugonjwa, mimi naelewa. Ugonjwa hapana uliza mutu. Lakini mimi niliuliza wewe dukani. Mkono yako iko kwa shingo yangu. Ulisema haiko kitu. Mimi nilirudi hapa, nilisema kwa watu wangu, huyu mwanamuke mimi naamini."

"Nilisema uongo, mama."

"Ndiyo. Ulisema."

Niliomba msamaha, na niliona haya mpaka masikio yalikuwa yanauma. Baba yake Lemi akasema wamesikia, wataongea wao kwa wao, watatuita. Lemi alitusindikiza mpaka barabarani. Alimshika Ayikoru mkono mbele yetu sote, kitu ambacho mkwe hafanyi, na hakuuachia mpaka gari lilipokuja. Lakini hakuahidi kitu. Kwao hawaoi kwa kupigana na baba.

Kwa hiyo nikawa na mambo mawili ya kusubiri. Mara ya nne ya dawa, kimya. Mara ya tano, homa ikanilaza wodini siku nane, na bado kimya. Ayikoru hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa anakuja kutoka shuleni, ananilisha uji, anafunga uzi kwenye sindano kumi na kuzipanga mezani ili siku nikirudi dukani nisihangaike na matundu. Akidhani nimelala, alikuwa anaitazama simu yake, anaigeuza, anaiweka. Nililia kwa sababu ya ile simu kuliko nilivyolia kwa sababu ya ugonjwa. Nilimwambia Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mara ya sita iliisha wakati wa mavuno ya kwanza. Walinipiga picha za ndani, wakanipima, na daktari akasema uvimbe umelala. Hakusema nimepona. Aliniambia nirudi kila miezi mitatu, na mpaka leo narudi. Utepe ulisema kumi na nne na robo.

Nilikuwa dukani wiki ya pili baada ya hapo, naendesha cherehani polepole kama mwanafunzi, kivuli kikaziba mlango. Ni Mama Poni, peke yake, na mfuko mkubwa begani. Hakunisalimia. Aliingiza mkono kwenye mfuko, akatoa lile gauni nililomshonea, limefuliwa na kukunjwa, akaliweka mezani mbele yangu.

Nilijua maana yake. Mtu akikurudishia kitu chako, huku kwetu, hakuna haja ya maneno. Nikawaza nitamwambiaje Ayikoru, na kwanza nitasimamaje.

"Kata," alisema.

"Mama?"

"Hii kola. Kata, toa. Nanichoma tangu siku ya kwanza! Mimi navaa kanisani, navaa kwa matanga, shingo nawasha kama upupu. Wamama wa Lurujo wote nauliza, fundi wa Arua iko na akili? Mimi nasema, iko fashion ya Congo." Akajikuna hapo hapo, kwa ukali. "Kumbe iko fashion ya hospitali."

Sikujua kama nicheke. Nikachukua mkasi. Vidole havikuwa vinausikia vizuri, ikabidi niutazame. Nilifumua mshono wa kola taratibu, yeye akiwa amesimama juu yangu anahema, mpaka ikatoka nzima, nikaiweka pembeni. Ndipo akaingiza mkono tena kwenye mfuko, akatoa kitenge, na kingine, na kingine, vyote rangi moja, vya kijani na maua ya njano. Alivipanga juu ya meza mpaka vikafunika cherehani.

"Wanawake ya nyumba yetu iko tisa. Hii kipimo yao." Akanipa karatasi iliyokunjwa. "Mwezi ya kumi na mbili, mvua nakwisha. Lemi hapana kula vizuri tangu ninyi nakuja, na baba yake nachoka kutazama yeye. Shona zote shingo wazi."

"Zote tisa," nikasema.

"Kumi. Ile moja iko ya mama ya bibi harusi." Alinyoosha mkono wake mzito, akashika kola yangu mwenyewe kwa vidole viwili, kama Ayikoru alivyoishika uani. "Mimi nataka ona shingo yako siku ile. Kila mara mimi nauliza wewe kitu, mimi nataka ona shingo."

Nikamwambia sawa. Nikafungua kola, nikavuta utepe, nikamwomba Mama Poni anipime yeye, maana mtu hawezi kujipima shingo vizuri peke yake. Hajui kusoma inchi. Alizungusha utepe, akabana kidole mahali ulipokutana, akanionyesha. Nikaandika.